Namna ya Kusoma Takwimu Rasmi Zinazolinganisha Mjini na Vijijini

Hakuna jedwali linaloonekana jepesi katika ripoti ya takwimu kama lile linalolinganisha mjini na vijijini. Lina safu tatu tu, ya mjini, ya vijijini na ya jumla, na msomaji mwenye haraka hutoa namba moja katika nyingine, akapata pengo, akaenda kuliandikia habari, hotuba au andiko la kuomba fedha za mradi. Wepesi huo ndio unaonifanya niandike mwongozo huu. Nimeshinda na majedwali ya namna hii kwa miaka mingi, na nimeshuhudia maamuzi yanayogusa maisha ya watu, kama vile pa kuchimba kisima na pa kujenga zahanati, yakitegemea tofauti ambayo haikuwepo, au yakipuuza tofauti iliyokuwepo lakini ikajificha ndani ya wastani. Maneno "mjini" na "vijijini" yaliyoandikwa juu ya safu hizo hayaelezi mahali kama jicho linavyopaona; yanaeleza uamuzi uliofanywa na ofisi ya takwimu. Uamuzi huo usomwe kwanza, ndipo pengo lisomwe.

Tafuta mpaka kabla ya kutazama namba

Hatua ya kwanza ni kuuacha kwa muda ukurasa wenye jedwali na kwenda kwenye sura ya mbinu, kiambatisho cha istilahi au tanbihi iliyo chini kabisa ya jedwali, kwa maana huko ndiko ofisi ya takwimu inakoeleza ni eneo gani limehesabiwa kuwa mji. Andika ufafanuzi huo kwa maneno yako mwenyewe. Kisha jiulize umejengwa juu ya kigezo gani: idadi ya watu, msongamano wa watu kwa kilomita ya mraba, aina ya kazi zinazofanywa na wakazi walio wengi, au hadhi ya kiutawala tu, yaani eneo ni mji kwa sababu sheria imelitangaza hivyo.

Nchi hutofautiana mno katika jambo hili. Denmark huhesabu kuwa mji kundi la nyumba zilizokaribiana lenye watu 200 au zaidi, ilhali nchini Japani hadhi ya jiji kwa kawaida huanzia watu 50,000. India, kwa maeneo ambayo hayajatangazwa kisheria kuwa miji, hutaka vigezo vitatu vitimie kwa pamoja: watu wasiopungua 5,000, msongamano usiopungua watu 400 kwa kilomita ya mraba, na angalau asilimia 75 ya wanaume wanaofanya kazi kwa sehemu kubwa ya mwaka wawe wanafanya kazi zisizo za kilimo. Misri hufuata hadhi ya kiutawala, hivyo kijiji hubaki kijiji katika majedwali hata kikiwa na makumi ya maelfu ya watu na majengo ya ghorofa. Anayechukua asilimia ya wakazi wa mijini kutoka nchi hizi nne na kuzipanga kwenye chati moja anapanga majibu ya maswali manne tofauti.

Ni kwa sababu hiyo Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa, mwezi Machi 2020, iliridhia mbinu moja ya kulinganisha nchi na nchi, inayojulikana kama kiwango cha ukuaji wa miji. Mbinu hiyo huigawa ardhi yote katika miraba ya kilomita moja kwa moja na kuhesabu watu waliomo. Miraba iliyopakana yenye watu wasiopungua 1,500 kila mmoja, ambayo kwa jumla yake inafikisha watu 50,000, huitwa jiji. Iliyopakana yenye watu wasiopungua 300 kila mmoja na jumla ya watu 5,000 au zaidi huhesabiwa kuwa miji midogo na maeneo yenye msongamano wa wastani. Yaliyobaki ndiyo vijijini. Ninaipenda mbinu hii kwa sababu inakiri kwamba kati ya jiji na shamba kuna eneo la tatu ambalo watu wengi sana ndiko wanakoishi, na ambalo majedwali ya safu mbili hulilazimisha kuingia upande mmoja. Hata hivyo, haikuja kufuta ufafanuzi wa kila nchi. Kwa hiyo ukikuta namba mbili tofauti za asilimia ya watu wa mijini katika nchi moja na mwaka mmoja, usikimbilie kusema mojawapo imepikwa. Angalia kwanza kama zimetumia mpaka mmoja.

Mpaka unapohama

Mpaka huo pia husogea ndani ya nchi moja, na hapa ndipo makosa makubwa hutokea, kwa kuwa msomaji hulinganisha mwaka na mwaka akiamini analinganisha maeneo yaleyale. Mfano wa wazi ni wa Marekani. Hadi sensa ya mwaka 2010, eneo lilihitaji watu 2,500 ili lihesabiwe kuwa mji. Kwa sensa ya mwaka 2020 kigezo kilipandishwa hadi watu 5,000 au nyumba 2,000. Matokeo yake ni kwamba wakazi wa mijini waliongezeka kwa idadi, lakini sehemu yao katika taifa zima ilishuka kutoka asilimia 80.7 hadi asilimia 80.0. Anayesoma asilimia peke yake atasema Wamarekani wanarudi vijijini. Kilichotokea ni kwamba miji midogo zaidi ya elfu moja iliamka ikiwa imeandikwa kwenye safu nyingine.

Nchini India mwendo ulikuwa wa kinyume. Maeneo yanayoitwa miji ya sensa, yaani yale yanayotimiza vigezo vitatu nilivyovitaja lakini bado yanatawaliwa kama vijiji, yaliongezeka kutoka 1,362 katika sensa ya 2001 hadi karibu 3,900 katika sensa ya 2011. Wakazi wake wengi hawakuhama hata hatua moja. Mji uliwafuata walipo.

Msomaji anaweza kuuliza: kuna ubaya gani, ikiwa eneo kweli limekuwa mji? Ubaya upo katika wastani, na ni vema tuuone kwa karibu kwa kutumia namba za kubuni. Tuseme kuna maeneo manane yenye idadi sawa ya watu, na tunapima asilimia ya kaya zenye umeme. Vijiji vitano vina asilimia 20, 25, 30, 35 na 60. Miji mitatu ina asilimia 70, 80 na 90. Wastani wa vijijini ni 34 na wa mijini ni 80. Miaka kumi baadaye hakuna kaya hata moja iliyopata umeme wala kuupoteza, lakini kile kijiji chenye asilimia 60 kimetimiza vigezo na kuhamishiwa mjini. Sasa wastani wa vijijini ni 27.5, na wa mijini ni 75. Pande zote mbili zimeshuka, na hakuna mtu aliyezimiwa taa.

Naukumbuka mfano huu kila mara kwa sababu mapema katika kazi hii niliwahi kuandika taarifa fupi iliyosema kwamba huduma fulani ilikuwa imezorota vijijini kati ya tafiti mbili. Taarifa ilisomeka vizuri na ilikuwa karibu kusambazwa. Mhariri aliirudisha mezani kwangu ikiwa na mduara wa penseli, si kwenye namba, bali kwenye mwaka wa orodha ya maeneo ya kuhesabia watu ambayo sampuli ilichotwa humo. Utafiti wa kwanza ulitumia orodha ya sensa moja na wa pili ulitumia ya sensa iliyofuata, na katikati yake vijiji vilivyochangamka zaidi, vile vya kando ya barabara kuu, vilikuwa vimeshahamia safu ya mjini. Tangu siku hiyo sikulinganisha tena miaka miwili bila kuuliza swali hilo la mhariri: orodha ya maeneo ni ya sensa ipi?

Ukigundua kwamba mpaka umehama, una njia mbili. Ya kwanza ni kuangalia kama ofisi ya takwimu imetoa namba za zamani zikiwa zimepangwa upya kwa mpaka mpya. Ofisi nyingi hufanya hivyo na kuziweka kwenye majedwali ya ziada ambayo watu hawayafungui. Ya pili, ikiwa jambo hilo halikufanyika, ni kuachana na mgawanyo wa mjini na vijijini kwa swali hilo na kulinganisha mikoa au wilaya ambazo mipaka yake haikubadilika.

Asilimia ya nani?

Baada ya mpaka, angalia asilimia inahesabiwa juu ya kundi gani. Kuna maswali mawili yanayofanana kwa maneno na kuachana kabisa kwa maana: kati ya watu wa vijijini, maskini ni wangapi, na kati ya maskini, wanaoishi vijijini ni wangapi. Kipimo cha umaskini wa nyanja nyingi, yaani unaopimwa kwa afya, elimu na hali ya maisha badala ya kipato, kinachotolewa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa pamoja na kituo cha utafiti wa umaskini cha Chuo Kikuu cha Oxford kinayajibu yote mawili. Katika toleo la mwaka 2024, kwa jumla ya nchi zinazoendelea zilizopimwa, asilimia 28.0 ya wakazi wa vijijini walihesabiwa kuwa maskini, na asilimia 6.6 ya wakazi wa mijini. Katika toleo hilohilo, asilimia 83.7 ya maskini wote waliishi vijijini. Namba zote ni sahihi, lakini anayesema "asilimia 84 ya watu wa vijijini ni maskini" amesema uongo bila kukusudia, tena uongo unaowavunjia heshima watu wengi. Kabla ya kunakili asilimia yoyote, isome kwa kuanza na maneno "kati ya kila watu mia moja wa..." na uhakikishe unaweza kuijaza nafasi hiyo kwa uhakika. Usipoweza, hujalielewa jedwali.

Angalia pia kama kinachohesabiwa ni watu au kaya. Katika nchi nyingi kaya za vijijini zina watu wengi zaidi, hivyo asilimia ya kaya na asilimia ya watu hazilingani, na pengo huweza kuongezeka au kupungua kwa sababu hiyo peke yake.

Kipimo kinachoegemea upande mmoja

Sehemu hii ndiyo ninayotamani ingesomwa kwa utulivu kuliko zote, kwa kuwa hapa ufafanuzi wa mji unaweza kuwa mzuri, sampuli ikawa nzuri, na bado ulinganisho ukapotoka kwa sababu kipimo chenyewe kina maana moja mjini na nyingine kijijini.

Tuanze na ajira. Kwa muda mrefu majedwali ya nchi zenye wakulima wengi yameonesha ukosefu wa ajira ukiwa mdogo vijijini kuliko mijini, na kuna waliotafsiri hilo kuwa vijijini kazi ni tele. Mtu anayelima shamba la familia yake alihesabiwa kuwa ana kazi, hata kama alilima wiki chache kwa mwaka na mavuno yote yakaishia jikoni kwake. Mwezi Oktoba 2013, Mkutano wa 19 wa Kimataifa wa Watakwimu wa Kazi, ulioitishwa na Shirika la Kazi Duniani, ulibadilisha ufafanuzi: ajira sasa ni kazi inayofanywa kwa malipo au kwa faida, na anayezalisha hasa kwa matumizi ya kaya yake anahesabiwa kuwa anafanya kazi, lakini hahesabiwi kuwa ameajiriwa. Nchi zilipokea ufafanuzi huu kwa nyakati tofauti. Ukiona kiwango cha ajira vijijini kimeporomoka ghafla kati ya tafiti mbili huku cha mjini kikibaki palepale, kagua kwanza kama dodoso lilibadilika kufuata azimio hilo kabla hujatafuta ukame au mtikisiko wa uchumi.

Maji nayo yana ngazi zake. Katika mpango wa pamoja wa ufuatiliaji wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kaya inayotumia chanzo kilichoboreshwa, yaani kilichojengwa kwa namna inayokikinga na uchafuzi, ambacho kwenda, kupanga foleni na kurudi hakuzidi dakika 30, inahesabiwa kuwa na huduma ya msingi. Ikizidi dakika 30 huduma inaitwa finyu. Ngazi ya juu, ya maji yanayosimamiwa kwa usalama, inadai chanzo kiwe nyumbani, kitoe maji yanapohitajika, na maji yenyewe yawe hayana uchafuzi. Kwa mwaka 2022, ngazi hiyo ya juu ilikadiriwa kuwafikia asilimia 81 ya watu wa mijini na asilimia 62 ya watu wa vijijini duniani. Ukishuka ngazi moja, pengo hubadilika, kwa kuwa kisima kizuri cha kijiji kinakidhi sharti la dakika 30 lakini hakikidhi sharti la kuwa ndani ya uwanja wa nyumba. Kwa hiyo mtu anayeandika "wanaopata maji safi" bila kusema ni ngazi ipi hajamwambia msomaji wake lolote la uhakika, na mwenye nia ya kukuza pengo au kulifinya anaweza kuchagua ngazi inayomfaa.

Matumizi ya kaya, ambayo ndiyo msingi wa takwimu nyingi za umaskini, ni eneo gumu zaidi. Kaya ya mjini hununua karibu kila kitu, na bei inajulikana. Kaya ya kijijini hula sehemu ya kile ilichovuna, na mdadisi lazima akithaminishe: kwa bei ya shambani, ya soko la karibu, au ya mjini? Kila uchaguzi husogeza kiwango cha umaskini cha vijijini bila kukigusa cha mjini. Urefu wa muda unaoulizwa nao una uzito, kwa maana kumuuliza mkulima alikula nini siku saba zilizopita wakati wa mavuno si sawa na kumuuliza swali hilo miezi michache kabla ya mavuno. Mwaka 2007 na 2008 lilifanyika jaribio nchini Tanzania ambapo kaya zipatazo 4,000 ziligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manane, kila kundi likaulizwa matumizi yake kwa aina tofauti ya dodoso, na viwango vya matumizi vilivyopatikana vilitofautiana waziwazi kwa sababu ya dodoso tu. Tafuta kwenye ripoti mambo matatu: muda ulioulizwa, namna mazao ya nyumbani yalivyothaminishwa, na kama kuna marekebisho ya tofauti za bei kati ya mjini na vijijini. Ripoti isiyotaja hata moja kati ya hayo haifai kubebeshwa hoja nzito.

Kipimo cha utajiri wa kaya kinachotumika katika tafiti za demografia na afya kina mwelekeo unaofanana na huo. Kilianza kwa kuhesabu mali na huduma kama umeme, aina ya sakafu, choo, televisheni na jokofu, vitu ambavyo mjini huwepo hata kwa mwenye kipato cha chini kwa sababu nguzo za umeme zimepita mtaani kwake, ilhali mfugaji mwenye mifugo mingi alionekana hana kitu. Baadaye watafiti walianza kukokotoa alama za mjini na za vijijini kila moja peke yake kisha kuziunganisha, na mifugo na ardhi vikapewa nafasi. Ukitumia makundi ya utajiri kutoka utafiti wa zamani, kumbuka kwamba kusema "maskini zaidi" kunaweza kuwa njia nyingine tu ya kusema "vijijini".

Ndani ya wastani wa mjini

Wastani wa mjini huunganisha mtaa wenye mabomba na lami na mtaa wa mabanda usio na vyoo, kisha ukatoa namba moja isiyofanana na maisha ya upande wowote. Ninao mfano mmoja ambao sijawahi kuuzoea. Utafiti wa demografia na afya wa Kenya wa mwaka 1998 ulionesha vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vikiwa takribani 113 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai vijijini, na kati ya 60 na 70 jijini Nairobi. Kwa namba hizo mbili, jiji lilikuwa salama zaidi kwa mtoto. Mwaka 2000, Kituo cha Afrika cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya kilifanya utafiti katika mitaa ya mabanda ya Nairobi pekee, na kikakuta takribani vifo 151 kwa kila watoto 1,000. Watoto wa mabandani walikuwa wanakufa kwa kiwango kilichozidi kile cha vijijini, na wastani wa jiji ulikuwa umewafunika.

Kwa hiyo usiishie kwenye safu ya mjini. Tafuta kama ripoti inatenganisha mji mkuu na miji mingine, makazi rasmi na yasiyo rasmi, au angalau makundi ya utajiri ndani ya mji. Fanya hivyohivyo kwa vijijini, ambako kijiji kilicho umbali mfupi kutoka barabara ya lami na kijiji kinachofikiwa kwa mtumbwi vimewekwa kwenye kapu moja. Ikiwa ripoti haitenganishi, ofisi nyingi za takwimu hutoa data ghafi zilizoondolewa utambulisho kwa anayeomba kwa maandishi, na jedwali unalolihitaji linaweza kutengenezwa na mwenye ujuzi wa programu ya takwimu kwa saa chache.

Umri nao hupotosha. Vijana huhamia mjini kutafuta masomo na kazi, wazee hubaki au hurudi kijijini, hivyo idadi ya vifo kwa kila watu 1,000 inaweza kuwa kubwa kijijini hata kama mtu wa umri fulani ana nafasi ileile ya kuishi pande zote mbili. Vivyo hivyo kwa uwezo wa kusoma na kuandika: kijiji chenye wazee wengi huonekana kina wasiojua kusoma wengi, hata kama watoto wake wote wako darasani leo. Linganisha watu wa rika moja, au tafuta viwango vilivyosawazishwa kwa umri.

Je, tofauti ipo kweli?

Sensa huhesabu wote, lakini utafiti wa kaya huhoji sampuli, na kila namba ya sampuli ina nafasi ya kuyumba. Wadadisi huchagua kwanza maeneo ya kuhesabia watu, kisha kaya chache, mara nyingi 20 hadi 30, ndani ya kila eneo. Kwa kuwa majirani hufanana, kaya 25 za eneo moja hazikupi taarifa nyingi kama kaya 25 zilizotawanyika, na ndiyo maana nafasi ya kuyumba huwa kubwa kuliko mtu anavyotarajia akiangalia idadi ya waliohojiwa.

Mwishoni mwa ripoti, kwenye kiambatisho cha makosa ya sampuli, kuna safu ya kosa sanifu, yaani kipimo cha nafasi hiyo ya kuyumba, kwa kila kiashiria, na hesabu yake haihitaji zaidi ya kikokotoo cha simu. Tuseme vijijini ni asilimia 31 na mjini ni asilimia 28, na kosa sanifu la kila upande ni 2. Kipeo cha pili cha 2 ni 4. 4 na 4 ni 8. Kipeuo cha pili cha 8 ni karibu 2.8. Hilo ndilo kosa sanifu la tofauti. Lizidishe kwa mbili, upate kama 5.7. Tofauti yako ya 3 inaweza basi kuwa mahali popote kati ya hasi 2.7 na chanya 8.7, na sifuri imo humo ndani. Hapo sentensi ya haki ni kwamba utafiti huu haukubaini tofauti, wala si kwamba vijijini kuna hali mbaya zaidi. Ingekuwa tofauti ni 12, ungeandika bila kusita.

Kama unakokotoa mwenyewe kutoka data ghafi, tumia uzito wa sampuli, yaani namba inayoonesha kila kaya iliyohojiwa inawakilisha kaya ngapi. Tafiti nyingi huhoji kaya nyingi za mjini kuliko sehemu yake halisi katika taifa ili kupata makadirio imara ya mjini, na usipotumia uzito utazipa kaya hizo sauti isiyo yao.

Pengo linapungua au linaongezeka?

Hapa watu wawili waaminifu wanaweza kupingana huku wote wakisema kweli. Tuseme huduma ilikuwa inawafikia asilimia 10 vijijini na asilimia 50 mjini, na baadaye ikawa asilimia 30 na asilimia 75. Kwa kutoa, pengo limepanda kutoka pointi 40 hadi 45. Kwa kugawanya, mjini ilikuwa mara tano ya vijijini, na sasa ni mara mbili na nusu. Waziri atasema pengo limepungua kwa nusu, mpinzani wake atasema limeongezeka. Tukipima wasiofikiwa badala ya wanaofikiwa, tunapata jibu jingine tena: vijijini wamepungua kutoka 90 hadi 70, mjini kutoka 50 hadi 25, hivyo uwiano wa wasiofikiwa umepanda kutoka 1.8 hadi 2.8. Mimi hutoa namba zote nne za mwanzo na kumwachia msomaji aone njia yote, kisha ndipo nataja pengo kwa kipimo nilichokichagua na kusema kwa nini nimekichagua. Ni maneno kumi zaidi, na yanazuia ugomvi usio wa lazima.

Kuandika ulichokisoma

Chukua sentensi ya kawaida kama hii: "Takwimu rasmi zinaonesha maisha ya mjini ni bora mara mbili kuliko ya vijijini." Kila neno ndani yake linahitaji kuhojiwa. Takwimu zipi, za mwaka gani, sensa au utafiti wa sampuli? Maisha yamepimwa kwa nini? Mjini kwa ufafanuzi upi? Mara mbili ya asilimia, au mara mbili ya wasiofikiwa?

Sasa iandike upya ukiwa na majibu mkononi, ukiacha nafasi za namba zijazwe na ripoti uliyonayo: "Kwa mujibu wa utafiti wa kaya wa mwaka fulani, ambao unahesabu kuwa mji eneo lolote lililotangazwa hivyo kisheria, kaya kadhaa kati ya kila kaya 100 za mijini zilitumia maji yaliyo ndani ya uwanja wa nyumba, ikilinganishwa na kadhaa kati ya kila 100 za vijijini, tofauti hiyo ni kubwa kuliko kosa la sampuli, lakini ndani ya mji mkuu peke yake tofauti kati ya makazi rasmi na yasiyo rasmi ilikuwa pana zaidi." Sentensi hii ni ndefu, na mhariri wako anaweza kulalamika. Mruhusu aigawe mara mbili au tatu. Usimruhusu aondoe mwaka, ufafanuzi wa mji, wala maneno "kati ya kila kaya 100".